Makao makuu wanataka akaunti ya Instagram niliyoijenga mwenyewe. Nifanyeje?

Mama Kuku Mwanza: Wakuu, habari za jioni. Nina tawi la kuku wa kukaanga hapa Mwanza. Jina ni la kampuni ya Nairobi. Nalilipia ada pamoja na asilimia ya mauzo kila mwezi. Nilipofungua, kurasa zao zilikuwa za Nairobi tu, nikaanzisha yangu kwa jina lao na neno Mwanza mwishoni. Leo ina wafuasi 11,000 na oda nyingi zinapitia hapo. Juzi nikatangaza kuku nusu bei kila Jumatatu. Kesho yake barua: nitoe paswedi ndani ya siku 7, na nisiposti chochote bila idhini. Mkataba unasema tu matangazo yafuate "mwongozo wa kampuni". Huo mwongozo sijawahi kuuona. Bando si langu jamani?

Kijana wa Kirumba: Bando lako, jina lao.

Mzee wa Matangazo: Dada, nimewahi kukaa upande wa makao makuu. Iliyowauma ni ile nusu bei. Mteja wa tawi jingine anakuja na simu mkononi, "mbona mmeandika nusu?", keshia anabaki kutoa macho. Ila paswedi usiitoe kirahisi. Pendekeza ukurasa uwe wa kampuni, nawe uwekwe msimamizi wa tawi, uingie kwa akaunti yako. Posti za kila siku (tumefungua, leo kuna juisi ya ukwaju) uweke mwenyewe. Ofa, bei na malalamiko ya mtu aliyeumwa tumbo yapitie kwao. Na waandike idhini itatoka ndani ya muda gani! Sisi tulikuwa tunakalia posti siku tatu, ofa ya Idi inatoka Idi imeshapita.

Wakili Mchovu: Jina ni alama yao ya biashara, hapo usibishane. Soma kipengele cha mkataba kuisha: mara nyingi kurasa na namba za simu zinabaki kwao. WhatsApp ya oda iko kwenye namba gani? Kama ndiyo hiyo unayoongea nayo na mama mkwe, nunua laini nyingine leo. Na huo mkataba mwanasheria auone kabla ya siku 7 kuisha.

Pwani254: Mimi naogopa zaidi picha za wateja. Huku Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa. Shule moja, milioni 4.55 kwa picha za watoto. Nanyi Tanzania mna sheria yenu ya kulinda taarifa binafsi, ya 2022. Faini ikija, italipwa na wewe uliyepiga picha ama wao wenye ukurasa? Iandikwe.

Mama Kuku Mwanza: Asanteni sana. Wakili, namba ni hiyo hiyo ya mama mkwe. Picha za bethidei za watoto zipo kama arobaini, naanza kuzitoa usiku huu. Mwongozo nimewaomba kwa barua pepe, wamejibu "unaandaliwa".

Kijana wa Kirumba: Yaani umeshtakiwa kwa sheria ambayo bado iko jikoni?