Vijana wetu kwenda Uganda kujenga darasa

Swali: Bwana asifiwe. Vijana 18 wa kanisa letu hapa Kisumu watavuka Busia mwezi wa Agosti kujenga darasa. Je, siku kumi zinatosha?

Jibu: Amina. Hazitoshi, ndugu yangu, kwa maana zege la msingi humwagiliwa maji angalau siku saba na hukomaa kwa takriban siku 28, hivyo mafundi wa huko waanze mapema. Sisi tulipokwenda kujenga, tulipanga mistari minne ya matofali. Fundi akaning'iniza timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, akaguna, akaibomoa yote.

Jibu: Mkenya huvuka kwa kitambulisho bila pasipoti, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau.

Muulizaji: Nashukuru. Basi nitawaandikia wenyeji wachimbe msingi mwezi Juni.