Umejikuta kwenye Street View ukiwa juu ya pikipiki: ufurahi au ulalamike?

Wakuu, hili linawagawa sana watu wa safari ndefu za pikipiki. Umesharudi, miezi imepita, unaifuatilia njia yako kwenye Google Street View (picha za barabarani ndani ya ramani za Google, zinazopigwa na magari yenye kamera), na kwenye kona moja unamkuta mtu juu ya pikipiki. Ni wewe. Wengi hushangilia na kuirusha picha kwenye makundi. Wengine huuliza: nani kawaruhusu?

Mimi niko na hao wanaouliza.

Utetezi wa kila siku ni kwamba sura zinatiwa ukungu. Ni kweli, Google ilianza kuzificha 2008, mwaka mmoja baada ya kuzindua huduma, na namba za vyombo hufichwa pia. Sasa itazameni picha yenyewe. Mwendeshaji kavaa helmeti. Sura ilishafichwa na kioo cheusi kabla kompyuta haijagusa chochote. Kilichoachwa wazi ndicho kinachomtaja: jaketi lenye mistari ya njano, boksi la nyuma lililojaa stika za nchi alizopita, ekzosi aliyoibadilisha mwenyewe. Anayemfahamu hahitaji kuvuta picha mara mbili. Dereva wa gari angalau kajifungia ndani; huyu kila kitu chake kiko nje.

Mtasema barabara ni ya umma. Sibishi. Ila anayekupita barabarani anakuona na kukusahau, wakati picha inabaki, na tangu 2014 hata za zamani zinafunguliwa barabara ikishapigwa upya. Mtasema tena kwamba inaonyesha mwezi na mwaka tu, si siku. Kwa aliyemdanganya bosi kuwa anaumwa, huo ni unafuu (na huyo simtetei). Kwa anayemkwepa mtu hatari, mwezi na mahali vinatosha kabisa.

Watu wakibana, kampuni hulegea. Kule Japani 2009 Google ilikubali kushusha kamera kwa sentimita 40 kwa sababu zilikuwa zinachungulia juu ya nyua. Ujerumani 2010 kaya kama 244,000 ziliomba nyumba zao zifichwe kabla huduma haijaanza. Lakini hizo ni nyumba. Mwenye nyumba anajua iko wapi na anaweza kuomba mapema. Mpita njia ataombaje, na hajui kama kapigwa? Ndiyo, unaweza kuripoti ufichwe mwili mzima na pikipiki yako, lakini mpaka ujifume kwanza, kwa bahati. Na ukungu ukishawekwa hauondolewi.

Pendekezo langu: mashine inayotambua sura haishindwi kutambua pikipiki. Ifiche chombo na aliyekipanda kuanzia mwanzo, bila kusubiri malalamiko.

Najua mnaopenda kujiona mtapoteza ukumbusho wenu. Basi semeni: mko tayari kuupoteza kwa ajili ya yule asiyetaka kuonekana, au yeye ndiye avumilie?