Yule fundi kanitoza buku tano ya "kuhamisha wapangaji" kwenye laptop yangu!!!

Kitumbua Baridi:
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya mwendokasi, nimesimama, laptop nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, na kwa hasira nilizonazo naweza kupitiliza Kimara nikatembea mpaka Chalinze bila kujijua.

Yule fundi wa Kariakoo mnamjua. Msijifanye. Yule wa chini ya ngazi, mwenye lenzi jichoni kama fundi saa, anayekwambia "njoo saa tisa" na saa tisa yenyewe hujui ni ya wiki gani. Huyo huyo.

Laptop yangu ilikuwa inachemka. Ukiwasha, dakika 10 tu feni inalia kama bajaji inapanda mlima, halafu inazima yenyewe. Nikampelekea. Akafungua skrubu moja moja, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa ya maji, kistaarabu kabisa. Akabandua mfuniko wa chini. Akanyamaza. Akaniangalia mimi, akaangalia ndani, akaniangalia tena. Halafu kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba:

"Kaka, hawa wapangaji wako wanalipa kodi?"

Benchi zima likaanguka kicheko. Mende walikuwa WANNE tu, naapa, na mmoja alikuwa marehemu. Akamwita muuza kahawa aje aone. Muuza kahawa akamwita mwenzake wa vocha. Pembeni yangu kulikuwa na dada mmoja mzuri ambaye nusu saa kabla nilikuwa nimeshamwambia mimi ni mtu wa IT. Akahama benchi!

"Wanalipa kodi?" Mbele ya watu!

Na hamjasikia risiti. Kusafisha feni na kubadilisha pesti, 15,000. Chini yake kaandika kwa mkono wake, mwandiko mzuri tu: "Kuhamisha wapangaji, 5,000." Ninayo mfukoni hapa. Wakuu, hii ni haki?

Nyundo ya Mbao:
Uzi bila picha za wapangaji ni uchochezi.

Mama Wawili:
Pole kaka. Ila swali la fundi lijibiwe kwanza. Wanalipa au hawalipi?

Kitumbua Baridi:
@Mama Wawili nilijua tu mtaanza. Hakuna mwenye akili anayemuuliza mteja swali lile. Wanalipa kodi! Mtu mzima na ndevu zake!

Waya Mwekundu:
Mimi nafanya kazi hiyo hiyo, niseme ukweli. Mende wanapenda joto na giza, na laptop inayokaa kwenye chaji usiku kucha inawapa vyote viwili. Ukiongeza makombo ya maandazi kwenye kibodi, umewajengea hoteli ya nyota tano. Vumbi likiziba feni na pesti juu ya prosesa ikikauka, joto halina pa kutokea, mashine inajizima isiungue. Mleta uzi unaiweka wapi usiku?

Kitumbua Baridi:
Juu ya kabati la vyombo. Geto langu ni chumba kimoja mkuu, unataka niipangie chumba chake?

Nyundo ya Mbao:
Mtu wa IT hahahaha

Kiroba Tupu:
Wewe umetozwa buku tano unalia. Mimi yule wa kwangu, sitaki kumtaja, nilimpelekea laptop ya RAM GB 8 abadilishe kioo tu. Imerudi na kioo kipya na RAM GB 4. Namuuliza, ananijibu, "Kioo kipya kinakula nguvu." Na mimi nikatikisa kichwa kama nimeelewa! Nimeondoka nimemshukuru!

Mama Wawili:
Bora nyie. Mimi nina mume anayebeba laptop kwa kushika kona ya kioo. Hinji imevunjika mara mbili, ya mwisho kaiunga na supagluu, na supagluu ikaunga kioo na kibodi. Sasa hivi haifunguki. Tunayo kama trei.

Waya Mwekundu:
@Kiroba Tupu siku nyingine kabla hujaiacha kwa fundi, piga picha ya ukurasa unaoonyesha RAM na diski. Na mkinunua chaji za barabarani someni maandishi ya nyuma. Mashine ya wati 65 ukiipa chaji ya wati 45 utasema betri imekufa kumbe inakufa njaa.

Kiroba Tupu:
Betri yangu ilishakufa siku nyingi. Umeme ukikatika, na yenyewe imekatika. Nimepoteza ripoti ya utafiti kurasa 40 kwa sababu ya jirani aliyepiga pasi kwenye luku ya pamoja.

Profesa wa Kijiweni:
Nyie hamjui historia. Mwaka 1947 kule Harvard walikuta nondo kwenye rilei ya kompyuta ya Mark II, wakamgandisha kwa selotepu kwenye daftari la kazi. Hawakumcheka mtu.

Nyundo ya Mbao:
Nondo ya milimita ngapi?

Profesa wa Kijiweni:
Nondo mdudu wewe! Yule wa kwenye taa!

Nyundo ya Mbao:
Sawa profesa. Mimi najenga, nikisikia nondo napata homa.

Kitumbua Baridi:
Wakuu turudi kwenye mada. Kaandika kwenye RISITI. Kuhamisha. Wapangaji.

Waya Mwekundu:
Lakini laptop imepona?

Kitumbua Baridi:
Imepona. Iko kimya kama maji mtungini. Hilo silo suala.

Profesa wa Kijiweni:
Na bado uko Windows 10 wewe, nakujua. Microsoft waliacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025, halafu unalilia mende. Wadudu wenyewe watakuja kwa intaneti.

Kiroba Tupu:
Tukizungumzia kuhamisha wapangaji, mwenye nyumba wangu jana kagonga saa kumi na mbili asubuhi anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mabati yanavuja, nalala nimeweka ndoo kitandani.

Mama Wawili:
Wangu anakuja kuhesabu soketi. Kila ukiongeza kifaa anaongeza bei. Laptop nimemwambia ni trei, na safari hii ni kweli.

Nyundo ya Mbao:
Ndio maana najenga. Kiwanja kiko mbali mpaka mende wenyewe wanapanda daladala mbili.

Mzee wa Foleni:
Anayehama aniambie. Nina chumba Mbezi, laki na nusu, choo ndani, luku yako mwenyewe. Miezi mitatu tu. Nimepiga dawa wiki iliyopita.

Kiroba Tupu:
Mbezi ipi mzee?

Mzee wa Foleni:
Mbezi ya Kimara. Dakika tano toka stendi.

Mama Wawili:
Dakika tano za madalali nazijua. Pikipiki mbili na kuvuka mto.

Kitumbua Baridi:
@Mzee wa Foleni soketi ziko ngapi?