Tupeane uzoefu: picha tunazorusha, Wakristo wa Unguja na Pemba

Mkunazini: Bwana asifiwe. 1 Timotheo 2:9 ya mavazi ya kujisitiri sote tunaijua, na kina dada washasemwa vya kutosha. Mimi nauliza juu ya picha ya mtu mwingine: nani kakupa ruhusa ya kuirusha? Leteni visa, si mahubiri.

Binti wa Wete: Huku Pemba tu wachache, na shughuli za majirani Waislamu tunaalikwa. Siku ya hina ndani ni wanawake peke yetu, mabuibui yamevuliwa, nywele wazi. Mgeni mmoja, Mkristo mwenzetu, akajipiga selfi akaweka status. Yeye gauni lake mpaka vifundoni, heshima tupu! Lakini nyuma yake yupo mwenye nyumba, kichwa wazi. Hata wali haujapakuliwa, waume za watu washaiona. Akaifuta, skrinshoti zikabaki. Mama yangu ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Mie nikialikwa, simu haitoki mkobani.

Mzee wa Mbweni: Kwetu ni ubatizo wa baharini. Nguo nyeupe ikilowa haifichi kitu. Kina mama husimama na kanga mkononi, mtu akitoka majini anafungwa hapo hapo, kama Shemu na Yafethi walivyomfunika baba yao (Mwanzo 9:23). Mpiga picha ni mmoja, naye husubiri. Ila zito zaidi ni hili: wapo wanaobatizwa na hawajawaambia ndugu zao. Picha ikitangulia kufika nyumbani, umemvunjia mtu mlango wake. Kwa hiyo tunauliza kwanza, na asiyetaka hapigwi.

Kijana wa Shangani: Shikamoo mzee. Lakini ufukweni si hadharani? Watalii wanapita na kamera zao.

Mzee wa Mbweni: Marahaba. Mtalii hamjui jina, wala hana namba ya shangazi yake.

Mama Kwaya: Hapo kwenye sadaka je? Tunampelekea mgonjwa unga na sabuni, kisha tunajipanga kitandani kwake tunachekea kamera, yeye kanga imemporomoka. Na Mathayo 6:2 inasema ukitoa sadaka "usipige panda mbele yako", yaani usijipigie tarumbeta. Kikundini kwetu tunapiga picha mzigo kabla haujatoka, mweka hazina apate ushahidi wake, basi.

Kijana wa Shangani: Na jamani, picha ukiituma kama faili huenda na mahali ilipopigwa, ikiwa lokesheni ilikuwa imewashwa. Nyumba ya mgonjwa inajulikana hata bila jina.

Mkunazini: Hilo geni kwangu. Walimu wa watoto wa Jumapili, mko wapi? Nyinyi ndio wenye picha nyingi kuliko sote.