Stika za F-14 zimeweka ukungu, nifanyeje?

Wadau, nina modeli ya ndege ya kivita F-14 Tomcat ya kipimo cha 1/72, kijivu cha akriliki kisichong'aa. Stika za maji (zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) zimekauka na weupe chini yake. Naweza kuendelea kuichakaza, yaani kuipaka ionekane imetumika?

— Bado, mkuu. Weupe huo ni hewa: rangi isiyong'aa ina mikwaruzo midogo, stika haiigusi yote. Itoboe kwa ncha ya sindano, weka tone la dawa ya kulainisha stika, ikauke, rudia. Siku nyingine tanguliza vanishi ya kung'aa.

— Nyongeza: funika stika kwa vanishi ya kung'aa, iache saa 24. Changanya rangi ya mafuta ya kahawia nzito na tapentaini isiyo kali, 1 kwa 10. Gusisha brashi kwenye mfereji wa paneli (mstari uliochimbwa kati ya vipande vya bodi), itatiririka yenyewe. Futa kuelekea mkiani, ndiko upepo unakopeleka uchafu. Na usiache kijivu kimoja! Chumvi ya baharini iliwalazimu mafundi wa manowari za kubeba ndege kupaka viraka vipya vya rangi kila mara. Viraka hivyo ndivyo vilivyoipa Tomcat sura yake. Malizia na vanishi isiyong'aa.

— Kwa maonyesho, rudisha nyuma mabawa yake yanayosogea; upana unapungua karibu nusu. Weka mbali na jua, stika hupauka.