Gemu la zamani likifufuliwa, lirudi na kasoro zake au lirekebishwe?

Kipanga
Wakuu, bila ushabiki. RuneScape ya zamani, gemu la mtandaoni, ilirudi Februari 2013 kutoka kwenye nakala ya seva ya Desemba 2007. World of Warcraft Classic, gemu jingine la mtandaoni lililofufuliwa, ikafuata Agosti 2019. Je, gemu la aina hii lirudi na kasoro zake zote, au lirekebishwe limfae mchezaji wa leo mwenye kazi na bando la kuhesabu? Mimi nasema liachwe lilivyo. Ukianza kumbembeleza mtu wa simu, utaishia na gemu la simu.

Soko la Varrock
Agosti 2007, si Desemba. Na tofauti si ndogo: Desemba ndipo walipoiondoa Wilderness ya zamani, eneo la wachezaji kuuana, na Januari 2008 wakabana biashara huru. Nakala ingekuwa ya Desemba nani angeitaka?

Halafu "liachwe lilivyo" ni maneno tu. Agosti 2007 hakukuwa na Grand Exchange, soko kuu la ndani ya gemu, ilikuja Novemba mwaka ule. Watu walirudi 2013 wakasimama benki ya Varrock, mji wa humo ndani, kupiga kelele "nauza magogo" kama wapiga debe wa stendi. Miaka 2 baadaye, Februari 2015, wakalipigia kura soko hilo hilo likarudi. Waliolitaka ni mashabiki wa zamani wenyewe.

Binti Mvita
Hata Classic haikurudi ilivyokuwa. Blizzard, wenye World of Warcraft, walianza kwa kuwasha programu yenyewe ya toleo 1.12, la mwisho la gemu la awali. Iliwaka, ila ikawa inakufa hovyo na haiongei na mfumo wa leo wa kuingia kwenye akaunti. Wakachukua programu ya kisasa, ya enzi za toleo la Legion, wakaimiminia data ya zamani. Mchuzi wa jana, sufuria mpya.

Na ndio maana Ragnaros, bosi wa mwisho wa shimo la Molten Core, alianguka ndani ya wiki ya kwanza mwaka 2019. Molten Core ni shimo la mwanzoni kabisa, lakini watu waliingia na talanta za 1.12 na vifaa vyenye nguvu ya 1.12, yaani vilivyokwisha kuboreshwa. Baadaye wakarundika baraka za dunia, nguvu za muda za kuokota nje ya shimo: kichwa cha joka Onyxia peke yake kinakupa nguvu ya shambulio 140 kwa saa 2. Ukifa, baraka imepotea. Basi watu wakawa wanazoa baraka zote na kutoka kwenye gemu papo hapo ili saa isitembee, wanarudi siku ya vita tu. Kasoro ya laana, yaani alama za kumdhoofisha adui, ndiyo ilikuwa kichekesho: bosi alikuwa habebi laana zaidi ya 16, nyie mko 40. Mchawi akiweka laana yake ya Corruption aliweza kuisukuma nje laana yenye faida zaidi, akatukanwa na kikosi kizima kwa kufanya kazi yake. Kipanga, hiyo nayo iachwe?

Nokia ya Tochi
Naomba nirudi kwa "mtu wa simu". Kwa hiyo mwenye simu si mchezaji? RuneScape ya simu ilitoka Oktoba 2018: akaunti ile ile, seva zile zile, anapigana na bosi yule yule. Mkuu, tofautisha kifaa na akili.

Kipanga
Sijasema hawana akili. Nimesema skrini ndogo inalazimisha gemu lilainishwe. Weka mtu wa simu, pingi (ucheleweshaji wa mtandao) ya milisekunde 180 mpaka seva za Uingereza, mbele ya TzTok-Jad, bosi wa RuneScape anayepiga mpaka 97. Tuonane kaburini.

Nokia ya Tochi
Hapo ndipo unapojianika. Seva ya RuneScape inahesabu kila sekunde 0.6, tiki moja. Amri ikifika milisekunde 50 au 180, mara nyingi inasubiri tiki ile ile. Jad anakupa zaidi ya sekunde 1 kati ya ishara na pigo: akiinuka na moto ukajikusanya mdomoni, sala ya kuzuia uchawi, akikita miguu ya mbele chini, ya kuzuia mishale. Sala hizo mbili zimepakana kwenye mstari mmoja, kidole kinasogea sentimita 1.

Kinachoua watu wa simu ni kufungua begi wanywe dawa wakati anainuka, kurasa ya sala inafungwa. Badili sala kwanza, ndipo ufungue begi. Na mtandao unaoruka 4G kwenda 3G ni mbaya kuliko pingi kubwa iliyotulia.

Soko la Varrock
"Ukurasa wa sala unafungwa", mkuu. Kurasa ni nyingi.

Nokia ya Tochi
Ndiyo hoja uliyobaki nayo?

Binti Mvita
Nokia ana haki kwa RuneScape tu. World of Warcraft haina tiki hiyo. Kukatiza uganga wa adui kwa pingi 180 utachelewa. Classic ilipofunguliwa waliongeza hata ucheleweshaji wa makusudi wa milisekunde 400 ili ifanane na seva za zamani. Wakaja kuupunguza. Waliodai uhalisia ndio waliolalamika.

Kipanga
Sawa, tuache simu. Tuseme muda. Kwenye RuneScape leveli 99, ya juu kabisa ya ujuzi, ni pointi 13,034,431, na leveli 92 ndiyo nusu. Kwa magogo ya mwerebi, pointi 67.5 kila moja, kuanzia 92 bado una magogo 96,500 na kitu. Nani mwenye familia atakata? Hapo nakubali papunguzwe.

Soko la Varrock
Kwa hiyo sasa uko upande wa marekebisho. Karibu.

Kipanga
Sijahama. Muda si kasoro.

Nokia ya Tochi
Kukata miti ndiyo kazi ya simu hasa, mguso mmoja kila baada ya muda. Uliowadharau ndio watakaofika 99 kabla yako, kwenye daladala. Na begi likijaa, washa kudondosha kwa mguso mmoja, usiyabebe mpaka benki.

Mla Papa
Mmeongea Jad mkasahau kula. Akiwapiga mkaponea chupuchupu: papa anakurudishia uhai 20, samaki karambwan 18, vyote tiki moja, jumla 38. Ila papa aanze. Ukitanguliza karambwan, papa hapokelewi.

Kipanga
Hiyo ya karambwan, kwenye simu inawezekana?

Mla Papa
Viweke jirani kwenye begi. Vidole gumba viwili.