Familia ya askari iliyohamia karibu na kambi: tuanzie wapi?

Mgeni wa Killeen:
Ndugu zangu, habari za majukumu. Mume wangu ni askari wa Jeshi la Marekani, nasi tumehamia Killeen, Texas, wiki hii tukiwa na watoto wawili na sufuria moja, kwani mizigo bado iko njiani. Naomba kujua familia hupata huduma gani kambini.

Mama Zawadi:
Pole kwa uhamisho, dada. Ofisi ya Army Community Service, inayohudumia familia za askari kambini, huazimisha vyombo vya nyumbani mpaka mizigo ifike. Mimi nilipewa hata pasi. Lakini kwanza shemeji awaandikishe DEERS, yaani mfumo wa jeshi wa kusajili askari na familia zao, maana bila jina lako humo bima ya afya ya jeshi, Tricare, haikutambui, na cheti cha ndoa cha Kiswahili kitahitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Baba Amani:
Naongezea kwamba Military OneSource, huduma ya msaada kwa askari na familia zao, hupokea simu saa 24 bila malipo, na unaweza kuomba mkalimani. Hutoa pia ushauri nasaha, ambao wengi wetu huuonea aibu bure.

Mgeni wa Killeen:
Asanteni sana. Cheti chetu ni cha Kiswahili kitupu, kwa hiyo kesho natafuta mfasiri.